Wageni Wamefika

Dada yangu alikuwa na namna yake ya kumtoa baba kwenye kabare, na mpaka leo sijaona mtu mwingine anayeiweza.

Kabare yenyewe, kilabu cha pombe, haikuwa jambo la kujivunia. Ilikuwa ua wa nyuma ya nyumba ya watu, hapo hapo mtaani kwetu Bwiza, umeezekwa mabati nusu, nusu jua. Waliowahi walikaa kwenye mabenchi, waliochelewa walikalia kasiye, yaani kreti za chupa, zilizogeuzwa juu chini. Wanaume waliingia humo mchana na wangekaa mpaka Mungu awaite, ila vita vilikuwa vimeleta kuvrefe, amri ya kutotoka nje, na askari waliosimama pembeni mwa barabara hawakuwa watu wa kusikiliza hadithi ya mtu aliyechelewa. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya saa hiyo, wake na watoto wa Bwiza walitoka kukusanya wanaume wao kama watu wanaoanua nguo mvua ikinukia. Wengine walipiga kelele tangu barabarani. Mama mmoja jirani yetu alikuja na kandambili mkononi, na mumewe akiiona tu alikuwa anasimama mwenyewe.

Dada hakupiga kelele. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi, binti wa pili, kumi na tatu, na mdogo wetu wa mwisho bado anang'oka meno. Kabla ya kutoka, dada alinawa uso, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akapaka miguu mafuta mpaka inang'aa. Siku moja nilichoka, nikamwambia:

"Si tunaenda kuchota mulevi? Mafuta ni ya nini?"

"Tunaenda kumuchukua papa," alinijibu. "Na hilo neno usilirudiye mu nyumba hii."

Tukifika, aliingia pale uani na kumsalimia kila mwanaume kwa mkono, mmoja mmoja, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kama tulivyofundishwa na mama. Hakumruka hata yule aliyekuwa amelala na kichwa ukutani. Huyo alimgusa begani. Akimaliza mduara wote alisimama karibu na baba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, wageni wamefika."

Kwetu mwanaume hatolewi kwenye pombe yake hivi hivi. Akiitwa na mkewe ni aibu, akiitwa na mtoto ni aibu zaidi. Lakini akiitwa na wageni ni heshima, maana mtu anayetembelewa ni mtu. Baba alikuwa anajikung'uta suruali na kuwaambia wenzake, "Bon, nimepata wageni," nao wakamjibu, "Nenda, muzee, mugeni hangojeshwi." Hakuna aliyecheka. Na wote walijua kwamba tangu mama afariki hakuna mgeni aliyekuwa anakanyaga nyumbani kwetu, labda panya.

Barabarani baba aliweka mkono begani kwa dada. Aliyewaona kwa mbali angedhani mzee anamshauri binti yake. Ukweli ni kwamba uzito wote wa yule mtu ulikuwa juu ya bega lile jembamba. Na ili asione haya kwa kutembea polepole, dada alimuuliza maswali. Winchi ya bandarini inainua mzigo namna gani? Boti ya Kigoma na ya Uvira, ipi ngumu kupakua? Baba alikuwa dereva wa winchi pale bandarini, na alikuwa fundi kweli kweli, watu walisema anaweza kushusha gunia la mayai. Mama alipokufa alianza kunywa siku za mapumziko. Kisha nchi jirani zilipotufungia mipaka, boti zikawa chache, akaambiwa angoje nyumbani mpaka aitwe, na hapo siku zote zikawa za mapumziko. Lakini ukimuuliza habari ya winchi, ulimi wake ulinyooka na miguu ikafuata.

Mimi nilitembea nyuma yao, macho kwenye mtaro, nikiomba ardhi ipasuke inimeze. Nilijiona mtoto wa kitu kilichoharibika, na kwa hiyo nami nimeharibika kidogo. Shuleni sikunyoosha mkono hata nikilijua jibu. Nilifikiri nikisimama tu, darasa zima litasikia harufu ya pombe.

Dada alikuwa anatoka nyumba ile ile, na alitembea katikati ya barabara. Sketi yake ya shule aliipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, hata siku ambayo huo mkaa ungetupikia uji. Nililalamika, akasema uji hakuna anayeuona. Nilikasirika siku ile, njaa si mchezo, lakini moyoni nilimwonea fahari.

Jambo la bombani silisahau. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, na msichana mmoja mwenye mdomo wa kupitiliza akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Baba yenu jana alianguka mu mutaro." Watu wakageuka kututazama. Mimi nilishainama kuchukua ndoo nikimbie. Dada akamtazama yule msichana bila haraka.

"Alianguka, na leo ameamuka," akasema. "Sogeza ndoo yako, ni zamu yetu."

Akasogeza. Tukachota. Njiani nilimuuliza kama haoni haya. Alisema anaona, sana, ila haya zikija anaziuliza kwanza ni za nani.

Sasa nimlete shangazi yetu, dada yake baba, Mungu amrehemu popote alipo na awape subira wanaokaa naye. Alikuwa mwanamke wa sauti na mwili, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na ukisikia anakuja ulikuwa na muda wa kutosha wa kufagia. Jumamosi moja mchana alitokea mlangoni kwetu bila kutuma habari. Nyuma yake walikuwa binamu wawili wa baba waliovalia makoti, na nyuma yao mchukuzi aliyebeba mtungi wa impeke, ile pombe yetu ya mtama inayonywewa kwa mirija.

Hebu fikiri. Alikuwa amekuja kuitisha kikao cha ukoo kuhusu ulevi wa kaka yake, na ameleta pombe. Wala hakuwa na nia mbaya. Kwetu huwezi kwenda kwa watu kusema neno zito mikono mitupu. Neno bila kinywaji ni kama kumtukana mwenye nyumba. Shangazi angeweza kumnyang'anya kaka yake watoto wote, lakini kumkosea adabu, hapana.

Hakungoja hata kukaa. Alisimama pale mlangoni akatugawa kama mafungu ya ndagala. Dada angeacha shule aende kwake kumsaidia sokoni. Mimi ningevushwa ziwa kwenda Kigoma kwa baba yetu mdogo. Wa mwisho angepelekwa kwa masista.

"Musichana mukubwa kama we, unangojea nini humu?" alimwambia dada. "Uoze na baba yako?"

Dada alibakiza miezi michache tu afanye mtihani wa darasa la kumi, ule wa taifa unaoamua nani aendelee na nani abaki. Lakini alichosema ni hiki:

"Karibuni, shangazi. Mukae. Acha niende kumuita papa."

Akapita kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu wa ukoo wa zamani pale Bwiza aliyekuwa anapika mandazi, akamwomba mkeka na vikombe. Yule mama alimtazama mara moja tu usoni. "Nenda, mwanangu, mi nitawakalisha," alisema. "Inshallah hakuna atakayewatenganisha." Dada akanawa uso, akapaka miguu mafuta. Siku ile sikuuliza.

Kule kabare jua lilikuwa bado kali. Dada aliingia, akasalimia mkono kwa mkono, akasimama mahali pake.

"Papa, wageni wamefika."

Baba akatazama juu, akaona jua liko wapi, akatabasamu. "Bado mapema, mama. Wageni wangojee kidogo."

Wenzake wakacheka, bila ubaya. Walicheka kama watu wanaojua mchezo na kuona mmoja ameuanza kabla ya saa. Nikafungua mdomo niseme, "Leo ni kweli!" Dada akanifinya mkono, na hapo nikaelewa. Kusema leo ni kweli ni kusema siku nyingine zote zilikuwa uongo. Ile heshima aliyomjengea baba jioni baada ya jioni ingevunjika mbele ya watu walewale waliokuwa wanaishikilia pamoja naye. Lakini bila kusema, angemtoaje? Na nyumbani shangazi alikuwa amekwishaanza kukagua nguo zetu.

Dada akavuta kasiye tupu. Akaigeuza, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaketi. Alikaa pale katikati ya wanaume, magoti pamoja, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyekuja na yeye kusubiri chupa yake.

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja aliweka chupa yake chini ya benchi, sijui alitaka kuificha au kujificha. Mwingine alianza kukohoa. Msichana wa watu, binti wa shule, ameketi kabare mchana kweupe, na baba yake yupo hapo hapo anatazama. Nilimwona baba anamtazama yeye, kisha chupa, kisha yeye tena. Sura yake ilibadilika nikaogopa. Akasimama peke yake, bila bega la mtu.

"Simama, mama," akasema. "Simama hapo. Twende."

Njiani dada alimwambia ukweli wote kwa maneno machache: shangazi yuko nyumbani, ameleta watu, wanataka kutugawa. Tulipofika bombani baba alivua koti akampa dada, akainama, akaweka kichwa chini ya maji na kukaa hivyo muda mrefu. Foleni nzima ilitazama, na yule mwenye mdomo alikuwepo. Dada alishika koti la baba kama mtu anayeshika joho la askofu. Nami, kwa mara ya kwanza, sikutazama mtaro.

Nyumbani watu walikuwa wameketi kwenye mkeka wa jirani, mtungi katikati. Desturi ni hivi: aliyeleta huonja kwanza ili ionekane haina sumu, kisha mwenye nyumba hupokea mrija na kunywa. Mpaka apokee, hakuna ruhusa ya kunena. Shangazi akaonja. Akapangusa mrija, akamnyooshea kaka yake.

Chumba kizima kiliutazama ule mrija. Baba alikuwa bado anatiririka maji. Sote tulijua: akipokea, hataubandua mdomoni, na shangazi hatahitaji kusema tena, mtungi utakuwa umemsemea. Akikataa, amemtukana dada yake mbele ya ukoo, na watu watanyanyuka na hasira zao na sisi kwapani. Hata shangazi nadhani aligundua pale pale alichokifanya, maana macho yalimtoka. Lakini mrija ukishanyooshwa haurudishwi.

Dada akapiga magoti pembeni ya baba. Akanyoosha mikono yote miwili, akaupokea yeye.

"Papa amenituma nipokeye juu yake," akasema.

Hakuwa ametumwa. Mimi nilikuwa naye tangu kabare, sikusikia ametumwa. Na msichana kupokea mrija wa mwenye nyumba ni jambo ambalo sikuwahi kuliona wala kulisikia. Shangazi akavuta pumzi ya kusema. Hapo baba akainua kichwa, maji yanamtoka kwenye ndevu.

"Ndiyo," akasema. "Mi ndo nimemutuma."

Dada akainama, akagusisha midomo, akaurudisha mrija kwa adabu. Shangazi alibaki mdomo wazi, na kwa mwanamke yule haikuwa kazi ndogo. Binamu mmoja wa baba akajikuna kidevu, akasema mjumbe hauawi, na aliyetumwa ni yule yule aliyemtuma, basi neno liendelee. Na kwa kuwa dada ndiye aliyepokea, ndiye aliyekuwa na haki ya kujibu kwa niaba ya nyumba. Desturi ile ile iliyotubana ndiyo iliyompa kinywa.

Shangazi akasema yake, marefu, na mengi yalikuwa kweli. Alipomaliza dada alijibu. Nilizoea kumsikia akifunika: papa amechoka, papa hajisikii vizuri, wageni wamefika. Siku ile hakufunika kitu.

"Shangazi, papa anakunywa. Ni ukweli, hatukatai," alisema. "Lakini kila siku analala hapa kwake, mi ndo namuleta. Anakunywa, na bado ni papa. Mi nasoma, na bado ni mutoto wake. Mukitugawa, nani atamuleta? Muniache nifanye mutihani. Nikishindwa, nitakuja mwenyewe na mizigo yangu, na ndagala nitauza."

Baba alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Shangazi alimtazama mpwa wake muda mrefu, kisha akatazama ile sketi iliyopigwa pasi. Akanyanyuka akisema kuvrefe inakaribia, na kwamba yeye hakuja kupigwa risasi kwa ajili ya watoto wa kichwa kigumu. Mlangoni akageuka, akauliza kama tuna chumvi. Jumatatu alituma ndagala mfuko mzima. Mtungi uliondoka na binamu. Dada ndiye aliyewatwisha.

Mtihani aliufaulu. Nisiseme baba aliacha pombe, maana hakuacha. Kuna miezi aliacha, kuna miezi ilimrudia, na dada aliendelea kusalimia mduara mzima na kutangaza wageni, mpaka alipopata kazi ya kufundisha nami nikawa ninaenda badala yake. Mara ya kwanza nilipokwenda peke yangu nilinawa uso, nikapaka miguu mafuta. Nilielewa tu nilipofika pale mlangoni kwamba mafuta yale hayakuwa ya wale wanaume. Hata mkono nilianza kuunyoosha darasani, na sikuona mtu yeyote akiziba pua.

Dada aliposwa, vita vilikuwa vinaelekea ukingoni na watu wameanza tena kuthubutu kufanya sherehe. Wakwe walikuja na mitungi na kasiye za bia, wakajaa uani kwetu, na shangazi akiwa mbele anapanga viti kwa sauti yake ile. Baba alikuwa amevaa koti la kuazima. Tangu asubuhi hakuwa ameonja kitu, na tangu asubuhi mimi sikuwa nimebandua macho juu yake. Dada alikuwa ndani nyuma ya pazia, maana binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Siku hiyo asingeweza kumpokelea mtu chochote.

Msemaji wa wakwe akaonja, akapangusa mrija, akamnyooshea baba. Mkono wa baba ukanyanyuka, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Wageni wote walikuwa wanatazama, na safari hii walikuwa wageni kweli.

Akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Njoo, mama," akaniambia. "Njoo upokeye. Nimekutuma."

Nikapita katikati ya ua. Nikapiga magoti pembeni yake, nikanyoosha mikono miwili, nikasema kwa sauti ili hata wa barabarani wasikie, "Papa amenituma." Na nyuma ya pazia nikamsikia dada yangu anacheka na kulia kwa pamoja.